Jiko na Mtungi

Jua halijafika utosini, stuli ya Modesola ilikuwa imeshatolewa kwenye mstari wa mafundi na kutupwa barabarani, kana kwamba kesi imekwisha. Alikuwa ameikalia miaka tisa katika soko la kompyuta la Ikeja. Akaitazama, akaipita, akaingia dukani walikokusanyika wakubwa, akampigia mwenyekiti magoti ya salamu, kama binti yeyote wa Kiyoruba aliyelelewa akaleleka. Kisha akasimama wima.

"Ya salamu nimeyapokea," alisema Baba Ogunmuyiwa, mwenyekiti wa mafundi. "Sasa piga ya kuomba radhi, mwanangu, tumalize. Ukikataa, stuli yako hairudi."

Madamu Fadeyi, mwenye ukumbi wa mitihani, alikuwa amenunua kompyuta arobaini kwa ushauri wa Modesola. Prosesa zilizotamba sokoni zilikuwa za kampuni mbili, na watu walishazibatiza: moja Mtungi, kwa ubaridi wake, na nyingine Jiko. Modesola alichagua Jiko, akasema jina hilo ni la umbea mtupu. Kolapo, mpwa wa mwenyekiti, ndiye aliyeziunga dukani kwake. Siku ya mtihani zikazimika moja baada ya nyingine, watoto wa watu wakabaki wanakodolea macho vioo vyeusi.

"Siombi radhi kwa kosa nisilolijua," alisema Modesola. "Zipimwe. Mtungi na Jiko, meza ileile, kazi ileile, na hicho kiyoyozi cha duka kizimwe."

"Dada Modesola, unataka kuaibika mara mbili?" Kolapo akacheka. "Haya, mimi mkarimu. Lete meza!"

Duka hilo la Kolapo lilisifika kwa upya. Kila kitu mle kilikuwa bado na nailoni yake: vioo, vibodi, hata kiti alichokalia mwenyewe kililia chwaa akijigeuza. Mteja wa Ikeja akishauziwa mtumba kwa bei ya kipya mara moja tu, haamini tena neno la mtu, huamini nailoni. Kolapo alilijua hilo, na aliwakataza vijana wake kubandua chochote.

Kompyuta mbili zikawekwa, zikapewa hesabu nzito za kutafuna. Baada ya robo saa Mtungi ilisoma digrii sitini na tatu. Jiko ilisoma tisini na saba.

"Weka maharage!" mtu akapiga kelele, na mstari mzima ukaangua kicheko. Madamu Fadeyi hakucheka. Alimtazama Modesola kama mtu aliyeibiwa na ndugu.

Badala ya kurudi nyuma, Modesola alitia mkono kwenye ubavu uliokuwa wazi wa Jiko, akashika chuma cha kupozea kilichokaa juu ya prosesa. Akashika na cha Mtungi. Cha Mtungi kilikuwa cha moto. Cha Jiko kilikuwa vuguvugu tu.

"Baba, njoo uguse," alisema. "Jiko linawaka tisini na saba, sufuria juu yake haijapata moto. Wapi umeona?"

"Ndiyo ubovu wenyewe huo!" Kolapo akadakia.

"Basi nafungua."

"Usifungue! Ukishafungua si mpya tena. Mjomba, mkataze!"

Mwenyekiti aliinua mkono kumkataza, akachelewa. Modesola alikuwa ameshazima mashine na kushika bisibisi. Skrubu nne zikatoka. Akang'oa chuma, akakipindua mbele ya macho ya wote. Chini yake, pale kinapopaswa kugusana na prosesa, kulikuwa na nailoni nyembamba iliyonata, imesinyaa kwa joto. Juu yake yameandikwa maneno mekundu: ondoa kabla ya kufunga.

Chuma cha Mtungi hakikuja na nailoni kiwandani, kwa hiyo hakikuwa na kitu cha kusahauliwa. Modesola aliibandua, akafuta, akapaka dawa ya kupitisha joto, akafunga, akawasha. Robo saa nyingine ikapita. Jiko ilisoma sitini na moja.

"Upya umetuua," alisema Madamu Fadeyi. "Kolapo, ubandue zote arobaini, leo hii."

Mwenyekiti alikohoa. "Sawa, ukweli umeonekana. Lakini umesimama mbele ya wakubwa, mwanangu. Piga magoti kidogo tu, ya heshima, yaishe."

"Ya heshima nilipiga nilipofika, Baba, na kesho nikija nitapiga tena. Ya leo mchana hunidai."

Akaichukua ile nailoni iliyosinyaa, akambandika Kolapo kifuani, taratibu, akailaza kwa kidole gumba.

"Na stuli yangu siibebi," alisema. "Aliyeitoa ndiye airudishe."

Kolapo alimtazama mjomba wake. Mjomba alikuwa anatazama pembeni. Basi akatoka barabarani, nailoni ingali kifuani, akaibeba stuli kwa mikono miwili mpaka mahali pake.