Kusimama Mara Kumi

Miaka sita Evelina hakumwacha mama mkwe wake, Getruda, ainuke kuchukua hata kikombe. Kwao Kisesa, mke wa mtu akimtazama mama mkwe anajichotea maji, atasemwa mpaka kisimani. Bibi Getruda alipopata ugonjwa wa sukari ndiyo kabisa: maji aliletewa, ndoo ya kuoga aliletewa, na akila ni ugali kidogo na mlenda. Kipande chake cha samaki aliwasukumia wengine.

Wiki tatu zilizopita muuguzi wa kliniki alimshika bibi paja, akamgeukia Evelina.

"Nyama imekwisha hapa. Figo zake tumepima, ni nzima. Mpe yai, maharage, samaki, kila mlo. Na ainuke kutoka kitini mwenyewe, bila kushikwa, mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Kula peke yake hakutoshi, na kusimama bila kula ni kujimaliza. Mkichelewa, hatasimama tena."

Evelina alitoka pale kama amepigwa kofi. Heshima yake yote ile, kumbe ndiyo iliyokuwa ikimla mama.

Tangu siku hiyo aliifunga mikono yake nyuma. Bibi alilia, akatukana, akamwita mchawi. Akainuka kidogo, akarudi kitini puu.

Jumamosi wifi yake, Dorcas, akafika na bajaji kutoka Usagara. Alimkuta mama yake anatetemeka, ameng'ang'ania kiti, Evelina amesimama tu pembeni.

"Shikamoo mama. We Evelina! Unamwangalia kama sinema?"

"Ya nne hiyo, wifi. Bado sita."

"Sita za nini? Mama ni askari wa mgambo? Leo naondoka naye. Kwangu atalala kwenye godoro, nitamlisha uji kwa kijiko."

Evelina akapiga magoti. "Wifi, akilala ndiyo basi. Nakuomba."

"Umeshachoka kumhudumia, sema tu!"

Evelina alimtazama bibi, na bibi akaangalia chini.

"Nichukue, mwanangu," akasema. "Nimechoka."

Dorcas, mbeba magunia ya mpunga sokoni, akajikaza, akapitisha mikono chini ya mapaja, akainua kwa nguvu aliyoizoea. Nusura waanguke wote wawili kwa nyuma. Hakukuwa na uzito. Akasimama katikati ya uwanja amempakata mama yake, mdomo wazi.

"Mama... mbona hivi?"

Dereva wa bajaji akapiga honi. Dorcas hakugeuka. Taratibu akamrudisha bibi kitini, akamshika paja, akaachia upesi kama ameungua.

"Wifi," akamgeukia Evelina, "umesema bado ngapi?"

"Sita. Na yai lake liko jikoni."

"Lete."

Bibi alilila akilia. Kisha akashika kiti, akasukuma. Magoti yakacheza, akarudi chini. Hakuna aliyempa mkono. Dorcas alijiziba uso kwa khanga, lakini alihesabu.