Saa Huria za Mawakili wa Hiariyenu

Haya alinisimulia shangazi yangu Mwanahawa, wiki ile ya matanga ya mumewe, tukichambua mchele. Naye alisema hajapata kusikia nchi ya raha iliyochoka kama Hiariyenu.

Kwa ada ya nchi hiyo, mawakili wa serikali walikuwa huru kupita kiasi: wakili aingie kazini saa aitakayo, atoke saa aitakayo, mradi rafu yake iwe tupu. Waziri Mpendasifa, aliyeitunga ada hiyo, aliiita neema. Lakini kila asubuhi makarani walimimina majalada mapya rafuni kama wafukiao shimo, na haikupata kuonekana rafu tupu tangu nchi iwe nchi. Basi uhuru wenyewe ukawa huo: mtu kujichagulia saa ya kuchoka.

Wakili Stahamili, mwanamke makini, alifika jalada la sabini siku moja macho yameingia ukungu, akatia saini mfinyanzi Hanahatia awekwe mahabusu kwa wizi wa ng'ombe. Siku arobaini baadaye alilifungua tena, akakuta ukurasa wa pili mlalamikaji mwenyewe kaandika: ng'ombe amerudi, alikuwa kwa shemeji. Moyo ukampasuka. Akaenda mbio kwa Kadhi Mizani kukiri kosa, na mfinyanzi akafunguliwa papo hapo.

Waziri aliposikia, alifika barazani anatweta. “Mheshimiwa Kadhi, huyu ameifedhehesha neema yangu! Saa ni zake. Nani alimkataza kupumzika?”

“Rafu, Mheshimiwa,” akajibu Stahamili.

“Jeuri hiyo! Aingie yeye mahabusu, siku arobaini kamili.”

Kadhi akapangusa miwani taratibu. “Ombi lako ni zito, Mheshimiwa. Basi yaletwe majalada sabini kutoka rafu yake, uyaamue wewe leo hapa. Usipokosea, kosa ni la wakili, na ataingia ndani. Ukikosea, kosa ni la ada yako.”

“Sabini tu?” Waziri akacheka, akaagiza kahawa.

Kumi ya kwanza aliyasoma kwa sauti ya madaha. Kumi yaliyofuata aliyasoma kimya. Kufika arobaini alikuwa akigonga mihuri kama atwangaye kisamvu, na Hanahatia, aliyeketi nyuma, akapaza sauti: “Mheshimiwa, ukurasa wa pili, tafadhali! Mimi nilikaa ndani kwa huo!” Watu wakaangua kicheko.

Alasiri Kadhi alichukua jalada la hamsini na tatu, la mbuzi aliyekula mahindi ya mjane, akasoma uamuzi wa Waziri: “Mjane afungwe. Mbuzi alipwe fidia.”

Akamgeukia Waziri, kumbe amelala, shavu juu ya muhuri.

“Msimwamshe,” akasema Kadhi. “Amejichagulia saa. Wakili Stahamili, nenda kwenu. Kuanzia leo rafu haitapokea zaidi ya majalada kumi kwa siku. Ipimwe kazi kwanza, ndipo tusifiane uhuru.”

Mama yake Stahamili, Bi Shufaa, alikuwa akianua nguo alipomwona anaingia jua lingali juu.

“Mwanangu! Wamekufukuza?”

“La, mama. Kazi ya leo imekwisha.”

“Mh! Kazi ya serikali, ikwishe? Hebu nieleze vizuri.”

Stahamili aliketi ukingoni mwa kitanda ili aeleze, akavua kiatu kimoja. Cha pili alivuliwa na mama yake, wala hakujua.