Kikonyo Katikati ya Jani

Saa tatu na robo asubuhi, Jumamosi ya pili ya Januari, picha iliingia kwenye simu ya Estelle. Ilionyesha jani la kijani lililoshikwa kwa vidole viwili, na nyuma yake ukuta wa chokaa uliopigwa na jua. Chini yake mumewe, Boris, alikuwa ameandika: "Meipo wetu huo. Umeshika vizuri."

Estelle alikuwa kwenye kitalu cha miche Kalobeyei, akimwagilia miarobaini. Alifunga bomba, akaikuza picha.

Boris alikuwa ameondoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, jirani na Kalobeyei, mwaka uliotangulia. Kwa maelezo yake, kanisa moja la Kanada lilimdhamini, akapata kazi na nyumba ndogo yenye uwanja. Mwezi wa tano alisema amepanda mbele ya nyumba meipo wa sukari, mti ambao jani lake limo kwenye bendera ya nchi ile na ambao utomvu wake huchemshwa hadi uwe mzito kama asali. Habari hiyo ilimfurahisha Estelle kuliko ile ya nyumba, kwa kuwa kazi yake ilikuwa miti. Alisoma kila alichokipata kuhusu meipo, akamtumia maelekezo: aupande mbali na ukuta, kwa sababu matawi yake hupanuka sana, asifukie shina pale linapokutana na mizizi, matandazo yasigusane na gome, na asiuweke kando ya barabara, maana hauvumilii chumvi.

"Chumvi gani tena?" Boris aliuliza.

"Ile wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu."

"Aa, hiyo. Mtaa wetu hawamwagi."

Jibu hilo lingeweza kuwa kweli. Mwezi wa kumi na moja alisema ameshaugema na sukari yake ni tamu ajabu. Estelle alikuwa amesoma kwamba meipo hugemwa baridi inapokaribia kuisha, na kwamba mche hukua miongo kadhaa kabla ya kutobolewa. Lakini Boris alipenda kujisifu. Aliwahi kudai amevua sangara kule Kerio kwa mkanda wa suruali. Estelle alicheka, akayaacha.

Safari hii hakuweza kuyaacha, kwa sababu ya Jumatatu. Siku hiyo Estelle alitakiwa kuikabidhi nyumba yake ya matofali, pamoja na bustani, kwa Anatole, binamu wa Boris, mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Kisha angepanda basi la Nairobi na binti yao, Liliane, wakasubiri huko safari ya Kanada. Boris alisema hati ziko tayari. Nyumba ikishaandikwa jina la mtu mwingine hairudi. Familia mpya zilikuwa zikisubiri viwanja. Ikiwa safari haipo, Estelle na mtoto wangebaki hawana pa kulala.

Alimpa simu Nakuleu, mwenzake wa kitalu, mzaliwa wa Nawoitorong, kando ya mji wa Lodwar.

"Ejok, Bwana Boris!" Nakuleu aliisalimu picha. "Sasa amekutumia mbarika ya nini?"

"Anasema ni mti wa Kanada."

"Kanada ya wapi, Mama Liliane? Hii kwetu Lodwar iko mingi nyuma ya choo. Mbuzi hata haigusi."

"Labda inafanana tu."

"Hata mimi na wewe tunafanana, kama ni giza."

Estelle aliichukua simu, akalipitia jani sehemu kwa sehemu. Jani la meipo wa sukari huwa na ncha tano na kingo zisizo na meno, na kikonyo chake hushika kwenye ukingo. Hili lilikuwa na ncha nane na meno kama ya msumeno, na kikonyo kilishika ndani ya jani, kama mpini wa mwavuli. Ilikuwa mbarika, ile ya mbegu za mafuta. Alifikiria uwezekano mwingine: hata Kanada watu hupanda mbarika kama pambo, na huenda Boris aliuziwa mche usio wenyewe. Lakini mbarika ya nje hufa kwa baridi ya kwanza, na meipo wakati huo huwa umepukutika wote. Aliandika: "Picha ya lini?"

"Sasa hivi. Nimetoka kulichuma."

"Bado una majani mengi?"

"Tele. Kivuli mpaka mlangoni."

Kalobeyei ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi. Mji ambao Boris aliutaja kuwa wake ulikuwa kwenye saa saba na nusu usiku. Estelle hakumuuliza tena.

Jumatatu asubuhi Anatole alifika na godoro nyuma ya bodaboda. Wol, mwenyekiti wa mtaa, alikuwa ameshafika na karatasi ya makabidhiano, amekalia ndoo iliyopinduliwa.

"Shemeji, Kanada inakuita na wewe bado unashika jembe!" Anatole alisema.

"Ufunguo utaupata nikimsikia Boris."

"Si mnaongea kila siku?"

"Tunaandikiana. Leo nataka sauti."

"Huko ni usiku. Mwache mtu alale."

"Jumamosi usiku alikuwa macho, anachuma majani."

Anatole alimtazama. "Unatufanya sisi wezi?"

"Nimeomba sauti tu."

"Mpigie, bwana," alisema Wol. "Mimi niko na mitaa mingine."

Anatole alisogea nyuma ya ua wa miti ya miiba. Simu yake ilikuwa imeharibika upande wa sikio, na alizoea kuitumia kwa spika. Alipunguza sauti, lakini haikutosha.

"Umeshaupata ufunguo?" Ilikuwa sauti ya Boris. Nyuma yake utingo wa matatu aliita abiria: "Kitale, wawili! Kitale, Kitale!"

"Bado. Ongea polepole."

"Bado nini? Mwambie Wol aandike jina upesi. Sisi tunatoka Lodwar na gari la mchana."

Wol aliinuka kwenye ndoo. Estelle alikuwa tayari amefika kwenye ua.

"Boris," alisema, "wewe na nani?"

Simu ilikatika.

Wol alikunja karatasi bila kuandika jina, akaitia mfukoni. "Nyumba ni ya huyu mama," alimwambia Anatole, na Anatole akalifunga upya godoro kwenye bodaboda, akaondoka bila kuaga.

Jioni hodi ilipigwa mlangoni. Boris aliita jina la Estelle, mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa nguvu. Kisha sauti ya mwanamke ikasema, "Uliniambia haina mtu."

Estelle hakufungua.