Mwanaume Aliyetukuzwa na Adèle

Kule mtaani Kasha, Ignace alijulikana kama mwalimu asiye na neno. Mtu akimpita kwenye foleni ya maji, alisogea nyuma mwenyewe na juu ya hayo akaomba radhi. Lakini kwenye Facebook alikuwa mtu mwingine. Huko aliandika kwa jina la Sauti ya Kasha, bila picha, na hakumwogopa yeyote. Watu elfu nne walimfuata. Mmoja wao alikuwa Adèle, mkewe, ambaye hakujua lolote.

"Sikia vile ameandika leo," Adèle alimwambia akisonga bugali. "Huyu njo mwanaume kweli."

Ignace alijibu kwamba labda huyo mtu anazidisha kidogo. Wivu ulikuwa unamchoma, na wa kumwonea alikuwa yeye mwenyewe.

Kisha Adèle akaanza kumwandikia Sauti kwa siri. Alieleza kwamba bwana yake ni mpole kupita kiasi. Kwamba jirani aliwamegea kiwanja mchana kweupe, naye bwana akamsaidia kushika kamba ya kupimia. Sauti alijibu kila ujumbe, akiwa amejifungia chooni: "Vumilia, maman. Bwana yako iko na moyo muzuri."

"Haumujui," Adèle aliandika.

Kiangazi kilipofika, bomba la mtaa likakauka. Sauti aliandika waziwazi kwamba Bruno, mwenye kuosha magari kule juu, ameyavutia maji kwake. Mtaa mzima ukakusanyika. Bruno alikuja na hasira.

"Huyo Sauti ajionyeshe," alisema. "Kama iko mwanaume, asimame hapa."

Ignace alisimama.

"Ni mimi."

Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Hata Bruno alicheka.

"Mwalimu, ikala," alimwambia kwa upole. "Usichafue jina ya mutu."

Adèle, uso umemwiva kwa haya, akamvuta koti mpaka akaketi. Bruno akatazama watu, mmoja baada ya mwingine, asijue ni nani kati yao atakayemwandika tena kesho. Akaahidi kurudisha maji kabla ya Jumapili. Watu wakamshukuru Sauti. Ignace walimpa pole.

Walipofika nyumbani, Ignace alifungua akaunti ya Sauti mbele ya mkewe na kuweka simu mezani. Adèle alisoma, akapandisha kidole juu, juu zaidi, hadi akafika kwenye maneno yake mwenyewe.

"Basi ulisoma yote."

"Nilisoma."

"Na ni weye ulinijibu nivumilie bwana yangu."

"Ni mimi."

Ignace alingoja mkewe afurahi: mwanaume aliyekuwa akimtamani alikuwa ndani ya nyumba siku zote. Adèle alijifunika uso kwa kitenge na kulia kidogo, kama mtu aliyefiwa. Alikuwa na rafiki mmoja tu wa kumweleza mambo ya nyumba yake, na sasa hakuwa naye.

Asubuhi Adèle aliondoa Facebook kwenye simu yake. Akavuta kiti, akaketi mbele ya mumewe, akaanza kumwambia kwa mdomo, tangu siku ya harusi, yale ambayo alikuwa hajayaandika bado. Ilikuwa Jumamosi, hakuna shule ya kukimbilia. Ignace alisikiliza, na mara mbili alijaribu kujitetea kwa sauti yake mwenyewe, ndogo lakini ya kusikika. Saa sita mchana ilipofika, Adèle alikuwa bado kwenye mwaka wa pili wa ndoa.