Divai Yenye Povu na Tumbo la Sangara

Kila siku kabla ya chakula cha mchana, Kija hupangusa glasi za hoteli. Hushika moja juu ya mvuke wa birika, huipitishia kitambaa, kisha huiinua dirishani mpaka ziwa lionekane ndani yake bila doa. Siku hiyo glasi ilikuwa bado mkononi aliposikia kizibo kikifyatuka, na povu jekundu likatapakaa kaunta nzima.

"Imechacha hii!" Meneja Revocatus aliruka nyuma, shati lake jeupe limelowa. "Kwani ni togwa? Halafu ya baridi! Nani kaweka divai nyekundu kwenye friji?"

"Mimi, meneja. Samahani."

Getruda, mpishi, akachungulia kutoka jikoni. "Togwa ikitoa povu ndo imeiva, Revo. Acha kumfokea mtoto wa watu."

"Wewe kaanga samaki wako. Kija, kamwage."

Haikuwa imechacha. Ilikuwa Lambrusco, divai nyekundu ya Italia, kavu, isiyo na sukari, hunywewa ya baridi, na povu ndiyo asili yake. Kija aliionja kwenye kozi fupi ya divai chuoni, na palepale akakumbuka tumbo la sangara analokaanga Getruda, lile ambalo mafuta yake hung'ang'ania mdomoni mpaka mtu aagize soda. Povu hili lingeyaosha. Akamwomba msambazaji chupa chache za kuonja. Na leo Mama Evelina, mwenye hoteli, alikuwa anakuja kuchagua kinywaji cha kuuzwa pamoja na sangara. Divai hii ikiishia kwenye sinki, hakuna atakayemuuliza Kija tena habari za divai. Atabaki na kitambaa chake.

Akaibeba chupa hadi kwenye sinki. Akasimama. Akageuka nayo, akaenda mezani, ambako Mama Evelina alikuwa ameshaketi mbele ya sahani ya sangara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nini hiyo?"

Kija akamimina kwenye glasi. Mama Evelina akaonja, uso ukamkunjamana. "Uwii! Chungu! Nileteeni soda nichanganye."

"Nilimwambia akaimwage, bosi," Revocatus akasema. Soda alikuwa nayo tayari, akaiinamisha.

Kija akaifunika glasi kwa kiganja. Soda ikamwagikia vidole vyake, ikachuruzika mpaka kwenye kitambaa cha meza. Hakuuondoa mkono.

"We Kija, una wazimu?" Revocatus akafoka.

"Kula samaki kwanza, mama," akasema, macho chini.

Mama Evelina akamkazia macho. Kisha akamega tumbo la sangara kwa vidole, akachovya kwenye pilipili, akala mpaka midomo ikang'aa mafuta. Kija akaondoa mkono. Mama akanywa. Akamega tena, kipande kikubwa zaidi, akanywa tena.

"Bado ni chungu," akasema hatimaye. "Ila inanirudisha kwa samaki. Nani kaichagua?"

"Tulikuwa tunajaribu tu, bosi. Kama hoteli," Revocatus akadakia.

Ile samahani ya kila siku ikamfika Kija kwenye ncha ya ulimi. Akaimeza.

"Hatukujaribu. Nimeichagua mimi, meneja, na mimi ndiye niliyeiweka kwenye friji, kwa makusudi. Anayetaka soda nitampa soda kwenye glasi yake. Hii siimwagi, na siichanganyi. Mama, kuanzia leo nataka niwe mimi ninayechagua divai za hapa."