Harufu ya Mbuzi Aliyebabuliwa

Mkwe wangu Doris alianza kunitia wasiwasi siku nilipokuta ndevu kwenye beseni lake.

Ndevu, nasema. Fupi, nyeusi, ngumu, zimenasa kwenye povu la sabuni, na wembe uko pembeni. Mwanangu Primus, ambaye ndiye mwanamume pekee mwenye ruhusa ya kunyoa ndevu katika nyumba ile, alikuwa mlimani anapandisha watalii. Mimi nilikuwa nimeingia kuazima beseni tu. Nikaliacha palepale, nikatoka taratibu, nikaenda kukaa kwenye kigoda changu nione nani atatoka.

Hakutoka mtu. Alitoka Doris mwenyewe na ndoo ya maziwa, kitambaa kimefungwa mpaka chini ya kidevu kama mtu mwenye jino bovu. "Shikamoo, Mama," akasema, akapita kwenda kwa ng'ombe. Nikamjibu marahaba ya mdomoni.

Niseme kwanza tunavyoishi. Kihamba chetu, shamba la ukoo, hapa Uru ni kimoja, nyumba ni mbili: yangu ya zamani na ya Primus yenye bati jipya, katikati migomba na kahawa. Mume wangu Kornel tulimzika hapohapo kihambani. Primus akishuka mlimani analala, akiamka anapanda tena. Wa kuzungumza naye nimebaki na Doris, binti wa watu wa Kilema, fundi cherehani. Wameoana muda sasa na mtoto hajaja. Hilo nililisema, sikatai. Nililisema kwenye harusi ya jirani, tena kwa sauti: kwamba nyumba ya mwanangu ina bati zuri ila haina kelele. Watu wakacheka. Maneno yalifika Kilema kabla sijamaliza pombe yangu ya mbege.

Kwa hiyo nilipoona zile ndevu sikuwaza mapenzi peke yake. Mimi si mjinga. Mwanamke anayeficha mwanamume ana haraka na ana manukato, na Doris hakuwa na hata kimoja. Alikuwa na unyonge. Nikaanza kumchunguza.

Jambo la pili lilikuwa harufu. Doris alishuka Moshi siku ambayo si ya soko, akasema anakwenda kutafuta uzi. Aliporudi nilimpokea kwa makusudi, nikamkaribia kana kwamba nataka kumsaidia mzigo. Mzigo wenyewe hakuwa nao, hata huo uzi. Lakini kile kitambaa chake kilinuka manyoya yaliyoungua. Na mimi harufu hiyo siwezi kukosea hata mkinifunga macho. Ni harufu ya kichwa cha mbuzi kikibabuliwa motoni ili manyoya yaishe, kabla ya kwenda kwenye sufuria ya supu.

Sasa mtu wa kwingine angesema amepita karibu na wauza nyama. Lakini sisi tunajuana. Kwetu hakuna jambo la ukoo linaloanza wala kumalizika bila mbuzi, na mbuzi hachinjwi kwa siri ila kuna mtu asiyetakiwa kujua. Nani hatakiwi kujua? Mimi, Mektrida. Ndugu zake wamekutana mahali, nikawaza, wamechinja, wanapanga kumrudisha binti yao nyumbani kwa sababu ya mdomo wangu. Na zile ndevu ni za mjomba wake aliyetumwa kuja kuzungumza naye, akalala humo, akanyoa asubuhi, akatokea nyuma kwenye migomba nisimwone. Kila kitu kikakaa mahali pake. Nikakasirika mpaka supu yangu ya mtori ikanishinda kumeza.

Hasira ilipopoa nikaona kilichokuwa chini yake, nacho kilikuwa hofu. Doris akiondoka nabaki na ng'ombe.

Wiki zikapita. Msimu wa kahawa ukafika, tukaanika, na Doris akakataa kukaa juani kugeuza kahawa. Doris huyu, ambaye kwa kazi hajawahi kunipa sababu ya kumsema, alisema, "Mama, niache nikamue na kuosha vyombo vyote, ila jua sitaweza." Nikamuuliza jua limemkosea nini. Akatazama chini. Kidevu chake kilikuwa kinang'aa mafuta na upande mmoja palikuwa na wekundu fulani. Nikajisemea, huyu ameshaanza kuacha kazi za kwangu moja moja.

Alipovaa tena gauni la kwenda mjini, nami nilikuwa nimeshavaa. Nilimwacha atangulie, nikashuka na gari lililofuata, nikamkuta anavuka nyuma ya soko. Nikamfuata kwa mbali, nimejitanda khanga usoni. Akapanda ngazi za jengo moja la ghorofa. Juu kulikuwa na kibao: Ngozi na Urembo. Siku hizi Moshi kila ngazi inaelekea kwenye biashara ambayo jana haikuwepo, na huwezi kujua nyuma ya mlango kuna kinyozi, mganga au mchungaji. Nilipofika juu harufu ikanipokea. Manyoya ya kuungua, ndani ya nyumba yenye vigae vyeupe!

Msichana wa mapokezi akaniuliza kama nina miadi. Nikamwambia nina mkwe, nikasukuma mlango.

Sikumkuta mjomba, wala mbuzi. Doris alikuwa amelala chali kitandani, macho yamezibwa na vitu vyeusi, kidevu kimepakwa uteute kama wa mlenda. Mwanamke mwenye koti jeupe na miwani ya kijani alikuwa amemwinamia na chombo chenye waya mnene, kinalia tii, tii, na kila kikilia Doris anakunja vidole vya miguu.

"Mnamfanya nini mke wa mwanangu?" nikasema.

Doris aliinuka, akavua vile vya machoni, akaniona. Sijawahi kuona mtu akiziba kidevu kwa haraka vile. "Mama!" akasema, kisha akaanza kulia bila sauti.

Yule wa koti jeupe hakushtuka. Akazima mashine, akanisalimia shikamoo, akasema anaitwa Daktari Eliona. Akanyoosha mkono na miwani nyingine. "Mama, ukitaka kubaki humu uvae hii. Mwanga huu hauchagui macho ya mtu. Na Doris akikubali ubaki."

Doris akatikisa kichwa kukubali. Nikavaa. Dunia yote ikawa kijani na mimi nikaanza kuuliza.

"Hiyo ni mionzi?"

"Ni mwanga, Mama. Si ile ya kupiga picha ya mifupa. Unafuata weusi wa unywele mpaka kwenye mzizi, unauunguza huko chini. Ndevu za Doris zinamsumbua tangu akiwa msichana."

Ndevu za Doris. Nilisikia maneno hayo na bado nikatafuta pa kuwakamatia. "Unafuata weusi," nikasema. "Na ngozi yetu je, si nyeusi? Utajuaje pa kusimama?"

Daktari akacheka kidogo. "Wengi hawaulizi hilo, na ndilo la kuuliza. Ziko mashine za ngozi nyeupe ambazo zingemwachia makovu. Hii ni ya ngozi yetu, na bado nilijaribu kwanza kipande kidogo chini ya taya, tukasubiri tuone kama kitababuka."

"Inauma?"

"Kama mpira ukivutwa ukaachiwa usoni," Doris akajibu mwenyewe, sauti ndogo. "Halafu panakuwa pekundu, panapoa. Baada ya muda zinaanguka zenyewe."

"Basi zimeanguka. Umerudi kufanya nini?"

"Hazioti zote kwa wakati mmoja," daktari akasema. "Zilizolala leo zitaamka baadaye. Atarudi mara nyingi, na hata mwisho zitabaki chache, laini, mimi simdanganyi mtu. Kati ya safari na safari asikae juani, wala asing'oe. Aking'oa, mwanga hauna mzizi wa kuufuata. Anyoe kwa wembe tu."

"Wembe ule ni wangu, Mama," Doris akasema. "Najua uliuona. Ulipotoka uliuacha mlango nusu wazi."

Nilikuwa na swali moja limebaki, na nililiuliza kwa ukali kwa sababu ndivyo ninavyoweza. "Na tumbo? Huo mwanga ukishuka tumboni, mtoto atatoka wapi?"

"Haupiti ngozi," daktari akasema. "Ila ndevu na siku zake zinazopotea huenda vinatoka kwenye chanzo kimoja mwilini. Nimeshamwandikia vipimo hospitali. Kuna dawa, na wapo wanaopata watoto. Angekuja mapema kama asingekuwa anajificha."

Hakuniangalia aliposema hivyo, lakini nilijua anaongea na nani.

Nikamgeukia Doris. "Kwenu wamekuita?"

Mashine ilikuwa imezimwa na bado nilihisi kama inalia. "Baba ameniita," akasema. "Anasema nirudi Kilema kabla sijachekwa zaidi."

"Ukamjibu nini?"

"Sijamjibu."

Basi nilikosea mbuzi na mjomba tu, ila la kurudishwa kwao nilikuwa nimelipata. Niliona aibu, na aibu mimi siipendi, sijui niiweke wapi. Mtu mwingine angesema samahani, mwanangu, nilikukosea kwenye ile harusi. Neno hilo lilifika kwenye meno likagoma. Nikafanya nililoweza. Nikavuta kigoda cha daktari, nikakaa karibu na taa, nikafungua khanga niliyojitanda, nikainua kidevu.

"Na hizi?" nikasema.

Hakuna mtu aliyewahi kuziona. Tangu nilipozaa mtoto wa mwisho huamka kabla ya watu, nikaenda nyuma ya banda la ng'ombe, nikapaka majivu kidevuni vidole visiteleze, nikang'oa moja moja. Kornel alikufa hajui. Padri hajui. Nilimsikia Doris akivuta pumzi. Daktari akaja na kitaa chake kidogo, akanishika taya kwa vidole vya baridi, akageuza uso wangu huku na huku kwa heshima kubwa.

"Mama," akasema taratibu, "mashine hii inatafuta weusi. Zako zimeshakuwa nyeupe. Mwanga utapita kama hazipo."

"Hakuna mashine nyingine?"

"Iko ya sindano, ila hapa Moshi sina. Ungekuja zamani."

Zamani ipi? Zamani hapakuwa na kibao hicho wala ngazi hizo. Nilijifunga khanga yangu. Nilitaka kucheka, machozi yakatoka chini ya ile miwani ya kijani. Doris alishuka kitandani na uteute wake kidevuni, akanifuta kwa kitambaa chake kinachonuka manyoya. Nikamwacha.

Daktari akamalizia kazi yake. Mimi nilibaki nimeshika mguu wa Doris, na kila mashine iliposema tii nilibana. Baadaye Doris akapakwa dawa ya kuzuia jua, akafunga kitambaa, tukashuka ngazi pamoja, mimi mbele kwa sababu sijui kutembea nyuma ya mtu.

Tulishuka kwenye gari, tukaanza kupanda njia ya nyumbani, migomba huku na huku. Nilikuwa nasikiliza hatua zake nyuma yangu, nikihesabu kwamba Primus akishuka mlimani atamkuta au hatamkuta, nikitafuta namna ya kumuuliza bila kuonekana naomba.

"Mama," akasema nyuma yangu, "kwenye majivu unakosa zile za chini ya taya. Huzioni."

"Sina kioo huko bandani."

"Nitakung'olea mimi. Jumamosi asubuhi, kwangu, kuna mwanga dirishani."

Nikasimama. Anayefunga mizigo hatoi ahadi ya Jumamosi. Lakini nimeishi muda mrefu, na ahadi ya siku moja haitoshi kulalia. Huenda alitaka kuniaga vizuri. Huenda huo ndio ungekuwa wema wake wa mwisho kwangu. Nikageuka, nikamtazama machoni.

"Jumamosi ipi?" nikauliza.

Doris alinitazama, kidevu chake chekundu kimeinuka, hakukiziba.

"Zote, Mama," akasema.