Tembo Aliyekalia Chemchemi

Germaine alichota maji kisimani, akayaacha kwenye beseni mpaka tope litulie, kisha akamwogesha binti yake Abigaïl kwa maji ya juu. Hata hayo yaliwasha. Tangu kiwanda cha kuosha mawe ya shaba kijengwe upande wa juu wa mtaa wao wa Kasungami, ngozi ya mtoto ilikuwa ikibanduka kama ganda la kitunguu.

Jioni Abigaïl alitazama katuni. Tembo alikuwa ameikalia chemchemi na wanyama wote walikuwa na kiu. Sungura alimtekenya, tembo akainuka. Maji yalibubujika, yakatoka chini ya televisheni na kulowesha mkeka. Germaine alinung'unika kwa ajili ya mkeka, akasogeza beseni. Yalikuwa maji safi, ya baridi. Tangu hapo, kila jioni katuni ilipoonyeshwa, alimwogesha mtoto kwa maji yake, na vidonda vikaanza kukauka.

Majirani walikuja na ndoo. Sungura hakuwa na haraka, kwa hiyo walizungumza wakisubiri.

"Ule tembo ni Kinshasa," alisema Papa Donat, mstaafu wa reli. "Anakalia mali yetu."

"Unasema Kinshasa, lakini macho yako iko kwangu," alijibu Clément, muuza vitambaa ambaye babu yake alitoka mkoa wa Kasai, na mpaka leo wenyeji walimwita mgeni.

"Nilitaja jina yako?"

"Papa, mwenye masikio ya tembo hapa ni nani?"

Watu walitazama masikio makubwa ya Papa Donat, wakacheka. Kuanzia siku hiyo walikaa pande mbili, mkeka katikati.

"Bapapa, mutoshe miguu," Germaine aliwaambia, akisukuma miguu yao kando. "Maji inafika."

Kiwanda hakuna aliyekitaja.

Ugomvi ulipofika sokoni, alikuja bwana mmoja wa usalama, viatu vikimeta. Alitazama katuni mpaka mwisho.

"Tembo iko tembo tu," alisema. "Haina politike. Kuanzia kesho, hakuna kumutekenya."

"Na mutoto, papa? Ataoga nini?" Germaine alimuuliza.

"Mama, banilituma juu ya tembo. Juu ya maji habakuniambia kitu."

Kisha akakumbuka kwamba alikuwa na madumu mawili garini. Aliyajaza kwa yale yaliyokuwa bado yanatiririka, akashukuru kwa adabu, akaenda zake.

Kesho yake, ndani ya katuni, sungura alikuwa ameketi darasani, mikono juu ya dawati. Tembo alikaa palepale, na wanyama waliimba kuhusu kiu kwa furaha. Majirani walikuja hivyohivyo, na ndoo zao kavu, wakaanza kubishana kama sungura naye amenunuliwa, na ni nani aliyemnunua.

Nje, Germaine alimmwagia Abigaïl maji ya kisima. Mtoto alipiga kelele.

"Mama Abigaïl, nyamazisha mutoto," Papa Donat aliita kutoka ndani. "Hatusikie tembo anasema nini."

Kwa hilo, Clément alikubaliana naye.